Pipi Zangu na Vifungo vya Mafundi

Chumvi imenila vidole. Tangu nikiwa mwali nafungasha chumvi kwenye magunia, kazi ya mama yangu na ya bibi yangu, na sasa ngozi ikipasuka haifungi tena. Ndiyo maana nilijiandikisha darasa la jioni la kutengeneza pipi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikakaa dawati moja na mabinti walionibatiza jina la Mama Magunia.

Mtihani wetu ulikuwa hivi. Kila mwanafunzi atengeneze pipi za ladha nne: tamu, chumvi, chachu na chungu. Mafundi cherehani wa darasa la jirani waziangalie kwanza, waseme ipi ni ipi, ndipo waonje. Ambaye pipi zake hazitawadanganya atapewa dirisha la kuuzia pale kantini. Dirisha hilo nililitaka kwa roho yangu yote. Niliomba asubuhi, nikaomba tena jikoni huku sukari ikichemka.

Pipi tamu nilizipa rangi ya kahawia iliyokolea, kwa sababu nyumbani kwetu utamu ulikuwa sukari guru. Za chumvi nikazifanya nyeupe. Nyeupe ingekuwa nini tena?

Fundi mmoja mnene, mcheshi, akachukua nyeupe. "Hii sukari tupu," akasema, akaitupia mdomoni. Uso ukamkunjamana kama shati lisilopigwa pasi. "Mama Magunia! Umehama na ghala la chumvi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Za kahawia hawakuzigusa. Walidhani ni chungu, kama kahawa. Mwalimu wetu, kijana mpole, akaniambia, "Mama, mtihani utarudiwa wiki ijayo. Usivunjike moyo."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mke wa mwanangu akaniwekea chai, akauliza kulikoni. Nikamweleza, nikamalizia kwamba mafundi wale hawana macho.

"Usinikasirikie, mama," akasema, "lakini hata mimi ningesema nyeupe ni tamu. Kwetu sukari ilikuwa nyeupe. Tena pipi zako za duara siziwezi kabisa. Tukiugua, mama alikuwa akitumezesha vidonge kwa nguvu. Nikiona kiduara, koo linafunga."

"Kumbe ndiyo maana huzionji?"

"Nilikuwa nikisingizia jino bovu, mama. Nisamehe."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Katika sala yangu sikumwomba Mungu awabadilishe mafundi macho. Nilimwomba anipe masikio.

Kesho yake nikabisha hodi darasani kwao na mabakuli manne. "Wanangu, nipeni vifungo vilivyobaki. Kila kifungo kiwekeni kwenye bakuli la ladha yake. Mngekilamba, kingekuwaje?"

"Huyu bibi naye!" akasema yule fundi mnene, lakini ndiye aliyeanza kuchagua. Vyekundu vya duara vikaenda kwenye utamu bila ubishi. Vya manjano vyenye pembe, uchachu. Vyeusi, uchungu. Vya buluu wakavitupa kwenye chumvi. Vyeupe vikazua vita: wengi walivipeleka kwenye utamu, ila fundi mmoja, binti wa mtengeneza ngozi, aliyekua akimwona baba yake akipaka ngozi chumvi, akavirudisha kwenye chumvi. Nikamkumbatia.

Mtihani wa pili nilifuata mabakuli yao. Mkono ulisita kutia chumvi kwenye buluu, nikautuma. Mafundi walitaja zote sawasawa, nikakabidhiwa ufunguo wa dirisha.

Mteja wa kwanza alikuwa mke wa mwanangu. "Nipe tamu, mama, ila…"

"Najua." Nilikuwa nimemkatia za pembe nne, za kahawia kama sukari guru ya kwetu.

Akaitazama pipi, akafumba macho, akaitia mdomoni. "Tamu," akasema, kama aliyeshindwa ubishi.

Za kahawia zilizobaki nikazipanga mbele ya zile nyekundu. Hazikununuliwa siku ile. Kesho nitazipanga tena.