Wingu la Dengu

Kitabu kile aliletewa na mumewe. Mke alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Alifua nguo za watu na kuzianika juu ya paa la ghorofa walimopanga, na kilichomkosesha raha ni mvua za ghafla. Mumewe, dereva wa lori la masafa marefu, alikikuta kwenye meza ya vitabu vya mtumba: kitabu cha mawingu, chenye picha za rangi, kila wingu na jina lake na hali ya hewa inayolifuata.

"Shika, mke wangu. Achana na utabiri wa redio," alimwambia.

Wapangaji wenzake walimcheka walipomwona kule juu, kitabu mkononi, vibanio vya nguo mdomoni, akilinganisha anga na ukurasa. Baada ya muda wakawa wanapaza sauti kutoka chini, "Mama Pasi, tuanike au tusianike?" Alishajua kutofautisha mafungu meupe kama pamba, yasiyo na neno, na lile wingu linalopanda kama mnara mpaka kichwa kinatandazika kama fuawe la mhunzi. Akiliona hilo, alianua mbiombio.

Ukawa mchezo wao wa mapenzi. Dereva akiwa safarini, alipiga picha ya anga na kumtumia kwenye simu. "Hili nini, mwalimu?" Mkewe anapekua kitabu, anamjibu, "Funika mzigo, mvua hiyo." Safari zilikuwa ndefu, na picha zile ndizo zilizomfanya mke ahisi hayuko peke yake.

Siku moja alasiri ikaingia picha nyingine. "Niko mpakani, foleni haisogei. Hili wingu gani?"

Lilikuwa la ajabu: laini, kama sahani mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine, ya juu imemeguka ubavuni. Akapekua. Wingu la dengu, kitabu kilisema, kwa kuwa lina umbo la punje ya dengu; hujengeka upepo unapopanda kilima, na hukaa palepale hata upepo uvume vipi.

Alifurahi, maana hakuwahi kuliona. Akapanda juu kuanua mashuka, akainua macho. Upande wa pili wa mji, juu ya kilima cha machimbo ya mawe, lilikuwa limesimama wingu lilelile. Sahani mbili. Ya juu imemeguka.

Akatazama simu, akatazama kilima. Mpakani ni mwendo wa siku nzima. Akaketi kwenye beseni lililofudikizwa.

Akampigia simu kwanza wifi yake, fundi cherehani aliyekaa chini ya kilima kile. Walikuwa wanaambiana kila kitu, mpaka yale ambayo dereva mwenyewe hakuwahi kuyasikia.

"Wifi, kaka yako yuko wapi?"

"Si mpakani? Kanipigia asubuhi, anasema foleni imemchosha. Kwani vipi?"

"Hamna. Nimemkumbuka tu."

Maskini, aliwaza, kumbe na wifi anadanganywa. Akajitanda khanga, akaenda kwake, apate mtu wa kulia naye.

Nyuma ya nyumba ya wifi aliliona lori, limefunikwa turubai. Mlango ulikuwa wazi. Dereva ameketi mkekani, miguu mitupu, fulana tu mwilini. Mtoto mdogo amempanda mapajani, anamvuta sikio na kumwita baba. Mwanamke mmoja alikuwa anamenya viazi. Wifi yuko kwenye cherehani, anashona kaptula ya kitoto.

Wifi ndiye aliyemwona kwanza. Cherehani ikanyamaza.

"Wifi..."

"Usiniite hivyo."

Dereva akasimama na mtoto begani. "Mke wangu, nisikilize."

"Mke wako?" yule mwanamke akaweka kisu chini. "Si ulisema mliachana?"

Mama Pasi hakumtazama hata mumewe. "Tangu lini?" alimuuliza wifi.

"Alinikataza kusema. Ni kaka yangu, ningefanyaje?"

"Ungenyamaza. Ningekuelewa. Lakini umenidanganya leo hii, kwa sauti tamu kabisa, huku yuko hapo anakusikiliza."

Wifi akaanza kulia. Mama Pasi alikuja na machozi yake, lakini pale yalikauka. Akageuka, akaondoka.

Kesho yake dereva alirudi nyumbani mikono mitupu. Aliomba msamaha, akabembeleza, na ilipoonekana haisaidii akauliza kwa hasira, "Nani kakuambia?" Mkewe hakufungua mdomo. Dereva akaamua ni dada yake, akaenda kumtukana mbele ya wateja, na tangu hapo ndugu hao hawasemeshani. Mama Pasi alizisikia habari hizo, akaziacha zilivyo.

Talaka ilipotoka alijaribu kuzifuta zile picha za anga. Alizitazama moja moja. Hakujua ipi ilipigwa safarini na ipi ilipigwa uani kwa wifi, mtoto yule akiwa miguuni. Zote alizijibu kwa mapenzi yaleyale.

Kuishi bila kumwona mume alishakuzoea. Pengo alilolihisi kweli lilikuwa la wifi. Jumapili moja alimsikia akipanda ngazi, anahema, anabisha hodi, anamwita kwa jina lake la utotoni alilomwambia yeye peke yake. Mama Pasi aliendelea kupiga pasi shati la mteja mpaka hodi ikakoma, kisha akagundua kwamba ameunguza kola.