Makubadhi Mlangoni pa Mkoloni

Mimi Kerubo ndiye niliyemponza rafiki yangu Mwanatumu, sikatai. Mwalimu wa kutoka bara, miezi mitatu tu Lamu, nikajiona mwenyeji. Uhuru nao ulikuwa na miezi sita. Nyumba ya yule Mzungu mkubwa wa serikali pale pwani ilibaki tupu, na mlinzi wake, Nicodemus wa kwetu Kisii, akaniambia niende nikaitazame.

"Twende sote," akasema Mwanatumu. Babake alipika jikoni mle miaka ishirini, asiruhusiwe hata siku moja kupita mlango wa mbele.

"Na mumeo je?"

Badawi, mshona viatu wa mtaa wa Langoni, alikuwa amekula kiapo: mkewe akitia mguu nyumba ile, amemwacha. Na hiyo ingekuwa talaka ya tatu, isiyo na kurejeana.

"Ndani ya buibui nani atanijua?"

Tukaingia kwa mlango wa mbele. Tukaona kitanda cha chuma, na kando yake kengele ya kumwitia mpishi. Mwanatumu akaishika, akaanza kulia. Mimi nikaenda dirishani nimpe nafasi. Lo! Badawi alikuwa barazani, ameinama. Mbele yake makubadhi mekundu aliyoyashona kwa mikono yake.

Nikageuka. Mwanatumu miguu mitupu! Mimi nimeingia na viatu vyangu kama wao Wazungu. Yeye, kwa adabu aliyolelewa nayo, amevua mlangoni.

"Nimekwisha," akasema. Tukajibanza nyuma ya kabati. Tukangoja hodi. Kimya. Nilipochungulia tena, Badawi hayupo, makubadhi hayapo.

Tukarudi kwa vichochoro, yeye pekupeku, akisoma kila dua aijuayo. Badawi alikuwa ameketi kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni pa nyumba yake, anagonga ngozi. Makubadhi yamepangwa mlangoni.

"Karibu, mwalimu," akasema bila kuinua macho. "Mwanatumu yumo ndani. Si viatu vyake hivi? Leo hakutoka."

Na Mwanatumu huyo amesimama ubavuni mwangu, ndani ya buibui!

"Alhamdulillahi," nikasema, mimi Mkristo. Tulipoingia ukumbini nikataka kucheka. Mwanatumu akanishika mkono, wake baridi kama maji ya birika la msikitini.

"Yeye amefumba mato, Kerubo. Na Mola je? Leo nitalala na mume wangu, au na mwanamume wa watu?"