Dakika Mbili za Daraja la Minasawa

Alfajiri, kabla ya kwenda kazini, Fusae Tokiwa alimshonea binti yake kifungo cha koti, kile cha pili kutoka juu, kwa uzi wa buluu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha. Chinami alisimama tuli jikoni, kidevu juu. Tonge lake la wali lililofungwa mwani lilikuwa tayari mkobani.

"Subiri treni ya pili, mwanangu."

"Mama, mwezi huu nimeshachelewa mara mbili. Ya tatu wananifukuza."

"Basi angalau usikimbie."

"Nisipokimbia nitafikaje?"

Fusae akakata uzi kwa meno.

Kazi yake ilikuwa kufagia daraja la waenda kwa miguu pale Minasawa, linalotoka kituo cha mabasi ya barabara kuu hadi stesheni ya treni. Alilijua: hatua mia mbili na themanini, dakika tatu hata kwa mtu mwepesi. Basi lilifika saa moja na dakika kumi na mbili. Treni iliondoka saa moja na dakika kumi na nne. Watu wa barabara walijivunia ratiba yao na watu wa reli walijivunia yao. Kila mwaka, maua ya micheri yakichanua, walikutana, wakanywa chai, na kila upande ukauomba mwingine usogeze ratiba yake kidogo.

Treni ikiondoka na mtu bado yuko darajani, daraja lilimrefukia. Lilimrefukia yeye peke yake. Saa ya stesheni ilisogea dakika moja tu, naye akatokea upande wa pili na miaka yote aliyoitembea. Fusae aliifahamu habari hii kwa taka: visigino vilivyolika, kucha zilizokatwa, nywele nyeupe. Zamani alizoa ukufi kwa wiki. Siku hizi ndoo ilijaa kabla ya saa tatu.

Mwezi uliopita Bwana Kuwabara wa bima aliingia amenyoa, akatoka na ndevu hadi tumboni.

"Nikupe wembe au mkongojo?" muuza magazeti alimuuliza.

"Nipe vyote, na upunguze mdomo."

Kisha Kuwabara alikwenda kwenye dirisha la tiketi kuomba cheti cha kuchelewa, kile kikaratasi ambacho stesheni humpa abiria akamwonyeshe bosi wake. Karani Hirose alimwinamia kwa adabu. Basi lilifika kwa wakati, alisema, na treni iliondoka kwa wakati. Hapakuwa na aliyechelewa.

Siku ya kifungo, Fusae alisimama upande wa stesheni, ufagio mkononi. Saa moja na dakika kumi na mbili mlango wa basi ulifunguka kule ng'ambo. Alimwona Chinami akitangulia wenzake, mkoba kifuani, koti jeusi likipepea. Fusae aliinua ufagio kumwashiria arudi.

Kengele ililia. Milango ya treni ikajifunga.

Chinami alikuwa amevuka nusu. Alianza kuwa mdogo, kama mtu unayemtazama kutoka mlimani, na mwisho hakuonekana. Viatu vyake vilisikika vikikimbia, kisha vikitembea, kisha vikiburuza. Fusae aliingia darajani, akahesabu hatua mia mbili na themanini, akafika kwenye mabasi, akarudi. Hakugusana na mtu. Viatu viliendelea kuburuza karibu na sikio lake.

Saa moja na dakika kumi na tano, bibi mwenye mvi alitokea ameshika ukuta. Koti lilikuwa limechakaa, halina kifungo cha pili.

"Mama," alisema. "Imeshaondoka?"

"Imeshaondoka."

Kijana mmoja aliinuka kutoka kwenye benchi. "Keti hapa, bibi." Chinami alimshukuru, akaketi. Sasa alikuwa mkubwa kuliko mama yake kwa miaka kama minane.

"Umekula?" Fusae aliuliza.

"Lile tonge nililila siku ya kwanza."

"Halafu?"

"Halafu nilitembea, Mama."

Fusae alikwenda dirishani. Hirose alimsikiliza hadi mwisho, akapanga kalamu zake.

"Bi Tokiwa, basi limefika kwa wakati. Treni imeondoka kwa wakati. Sasa cheti nikiandike cha nini?"

"Mwangalie mwanangu."

Hirose alimwangalia, akainama zaidi kuliko siku ya Kuwabara, akashusha pazia la dirisha taratibu.

Chinami alipanda treni ya pili. Kazini meneja alimsamehe mara hii kwa heshima ya mvi zake, akamwomba kesho awahi.

Baada ya saa tatu Fusae alifagia. Katikati ya daraja, chini ya reli ya kushikia, aliokota kifungo kilichobaki na nyuzi mbili za buluu, zimepauka hadi kuwa nyeupe. Alikitia mfukoni. Jioni alinunua uzi mweusi, akakishona upya mara mbili, akavuta kuona kama kitashika, kisha akatundika koti mlangoni na kuweka viatu vya binti yake chini yake, ncha zikielekea nje.