Mbwa wa Kumi

Saa kumi na moja alfajiri, stima ikiwa bado imepotea, kifuniko cha sufuria kiligonga sakafu gizani. Nanzala alijua ni Chapo, mtoto wa mbwa, anatafuta ugali wa jana. Hakuwasha tochi. "Kula tu," alimwambia, "leo utadungwa," akaamka kuchemsha chai.

Ilikuwa Ijumaa, na hii ilikuwa mara ya nne kumpeleka chanjo. Wiki mbili zilizopita mbwa mwenye kichaa alipita mtaani kwao, Langas, akang'ata mbuzi wawili, na chifu akatangaza kwamba kuanzia Jumamosi, mbwa yeyote asiye na kadi yenye muhuri wa chanjo atauawa. Kadi ya Chapo ilikuwa tayari ndani ya bahasha. Ilibaki sindano na muhuri.

Shida ilikuwa chupa. Chupa moja ya dawa ni dozi kumi, na ikishafunguliwa haiwezi kukaa mpaka kesho. Kwa hivyo pale ofisi ya mifugo chupa haifunguliwi mpaka mbwa kumi wafike. Mara ya kwanza walifika wanne. Mara ya pili, saba. Mara ya tatu walifika kumi na mmoja, lakini daktari alikuwa semina.

Chapo alibebwa kwenye kikapu, Linah, binti wa Nanzala wa miaka mitano, akishikilia upande mmoja. Walipofika saa mbili kulikuwa na mbwa wanane. Chapo akawa wa tisa.

Kwenye benchi alikaa Wakoli, aliyekuwa akichoma mahindi nje ya geti la kina Nanzala mpaka alipokufa mwezi wa tatu. Aling'atwa na mbwa mguuni, akaenda hospitali mbili, na zote zikamwambia sindano zimeisha, ajaribu wiki ijayo. Tangu azikwe hajakosa siku ya chanjo hata moja. Watu walikuwa wakimwachia nafasi anyooshe mguu, maana bado ulimuuma.

"Wakoli, habari ya huko?"

"Baridi tu, Mama Linah. Mko wangapi leo?"

"Tisa."

"Kumbe mko karibu!"

Ikafika saa sita. Mbwa wa kumi hakuja. Karani, Collins, alitoka na daftari, akawahesabu kwa ncha ya kalamu, akageuka kurudi ndani.

"Collins, ngoja kwanza," Nanzala akasema. "Amekosekana mmoja tu. Fungua, hiyo dozi ya kumi umwage."

"Halafu niandike nimemwaga dawa ya serikali? Mama, unataka nifutwe?"

Wakoli akainuka, akakunja suruali mpaka gotini. "Niandike mimi."

Collins alimtazama vile anavyomtazama mtu aliyesahau fotokopi. "Mzee, wewe ni marehemu."

"Najua. Lakini mguu ndio huu. Hata alama za meno ziko."

"Hapa ni mifugo. Watu ni hospitali. Tena kuna mahali pa kujaza rangi ya mbwa. Nitajaza nini?"

"Jaza kahawia," akasema Waiyego, aliyekuja na mbwa wawili, na benchi nzima ikacheka. Wakoli pia alicheka.

Nanzala hakucheka. "Huyu mtu alikufa akingojea sindano. Sasa amekuja kutusaidia, bado unamwambia angoje?"

"Sijamwambia angoje. Nimemwambia si mbwa."

Akaandika kwenye daftari: waliofika, tisa, siku nyingine, Jumanne. Kisha akafunga friji kwa kufuli. Ndani chupa kumi na nne zilikuwa zimepangwa vizuri, zote za kuharibika mwisho wa mwezi. Akaenda kula.

Nanzala alimrudisha Chapo kikapuni. Njiani alifikiria kumficha chini ya kitanda siku hizo tatu, huenda watu wa chifu wakaanza na upande mwingine wa mtaa. Lakini Chapo hajawahi kunyamaza dakika mbili, na hata sasa alikuwa akibwekea kila pikipiki inayopita.

Wakoli aliwasindikiza polepole mpaka njia panda ya kwenda makaburini, kama kawaida yake. Hapo akainama, akamkuna Chapo nyuma ya sikio, akaaga.

Linah alimvuta mkono wa koti.

"Anko, Jumanne ukuje na mbwa."