Anayeamka Hupoteza Zamu

Usiku wa jana niliota niko kwenye darasa letu la jioni, na kompyuta ninayoitumia siku zote imejifunga kanga. Inaniambia, "Shikamoo mama." Naitikia, "Marahaba," kisha naketi. Sikuona ajabu. Ni kompyuta yenye malezi.

Nieleze kwanza ninasoma nini. Nina miaka hamsini na sita, ninashona sare za shule hapa Tabora, na tangu mwaka juzi najifunza kuandika programu, jioni nne kwa wiki. Wenzangu wanaandika programu za maduka na zahanati. Mimi naandika upya mchezo wa kukusanya wanyama wa ajabu na kuwapiganisha, ule aliokuwa akiucheza binti yangu Nyamizi. Siutaki huu mpya wa siku hizi. Nataka sheria za zamani, vilevile zilivyokuwa kwenye kimashine chake cha michezo, cha kijivu, na makosa yake yote.

Kimashine hicho nilikichoma mimi. Palikuwa na mkutano wa maombi, tukaambiwa tulete hirizi na kila kitu cha giza, na mimi nilikuwa nimeona kwenye kioo chake kiumbe chenye pembe. Nikakitia ndani ya pipa la moto kwa imani yote. Nyamizi alikuwa wodini, ugonjwa wa selimundu umembana, na pambano lake lilikuwa katikati. Aliponiuliza kiko wapi nilimwambia, "Yesu ameshinda." Baada ya wiki mbili alifariki, akiwa na miaka kumi na saba. Sikuwahi kumwomba msamaha. Ninalolitafuta ni hilo tu: nilijenge lile pambano, niingie, nimwambie, "Nisamehe, mwanangu."

Basi, Mwalimu Shija anapita kukagua kazi. Amevaa shati lake la kila siku, ila leo ana mkia.

"Mama Nyamizi, hapa umekosea tena."

"Wapi, mwalimu?"

"Sheria ya usingizi. Umeandika kwamba mnyama aliyelala akiamka anapiga papo hapo. Hiyo ni ya sasa. Zamani kuamka kwenyewe kulikula zamu. Ukifumbua macho, zamu imekwisha."

"Naona ni ukatili, mwalimu."

"Ni ukatili. Lakini wewe si ulisema unataka ya zamani?"

Anachovya mkia kwenye wino mwekundu, ananiwekea alama ya kosa, na darasa linakuwa uwanja wa ule mkutano wa maombi.

Pipa liko mlangoni, limevaa beji ya mhudumu.

"Karibu dada. Unaelekea wapi?"

"Kwenye pambano la binti yangu."

"Weka nguvu zako hapa zipimwe."

Natoa maombi yangu. Yamo kwenye mfuko wa kaki na yana uzito wa kilo moja ya sukari. Nalieleza pipa kwamba yamo maombi ya aina mbili: ya kumkinga mtoto na ya kumpiga shetani. Pipa linafungua mfuko, linachungulia.

"Ni moja tu, dada."

"Hebu angalia vizuri."

"Nimeangalia. Kwa sheria za zamani, nguvu ya kupigia ndiyo hiyohiyo ya kukingia. Watunga mchezo walizitenganisha baadaye. Hili ndilo ulilomkinga nalo, na ndilo ulilompiga nalo."

Sibishani nalo. Nalia. Pipa linasogea pembeni na kusema kwa upole, "Pole sana dada, lakini usilie karibu yangu. Napata kutu."

Napita. Ndani kuna sakafu ya miraba midogo ya kijivu, na katikati amelala kifaru mwenye ukubwa wa mbuzi, miwani imemshuka puani. Namtambua kwa pembe.

"Bwana asifiwe," anasema bila kufumbua macho.

"Amina. Wewe ndiye niliyekuchoma?"

"Ndiye. Naitwa Mzee wa Kanisa. Nyamizi alinipa jina hili kwa sababu nasinzia kuanzia sala ya kwanza mpaka matangazo."

"Alikuwa anawacheka wazee?"

"Sana. Na wewe pia, mama. Alisema ukisali, mpaka jirani anajua kodi ya nani imechelewa."

Nachukia kidogo, halafu nakumbuka nilichokuja kufanya. "Mzee, utanisamehe?"

"Ningependa. Lakini sisi wanyama wa mchezo tunaruhusiwa kujua mambo manne tu, na yangu yamejaa: kupiga pembe, kukanyaga, kukaza ngozi na kulala."

Namuuliza Nyamizi yuko wapi. Anasema yuko palepale, hatua tatu mbele yangu.

"Mbona simwoni?"

"Kwa sababu umeandika sheria mpya. Yeye yuko kwenye za zamani tu. Ukiiacha programu yako ilivyo, utaamka na zamu yako utakuwa nayo, utasema unachotaka, ila hapatakuwa na mtu wa kukusikia. Ukiisahihisha, atakuja. Lakini aliyelala hapa ni wewe, mama. Pambano likianza, aliyelala hasemi. Na akiamka, zamu imeshakwenda."

"Kwa hiyo sitamwambia?"

"Hutamwambia."

"Hata neno moja?"

"Mimi sikuitunga hiyo sheria. Mimi nilikuwa nimelala."

Napiga magoti juu ya miraba. Nasema, Bwana, miaka miwili nimesoma ili niseme neno hili moja. Nangoja jibu. Mzee wa Kanisa anakoroma. Ninapoinua uso, kompyuta yangu iko mbele yangu na kanga yake, inaniangalia kwa huruma. Naufuta mstari wangu wa huruma, ule wa usingizi. Naandika wa zamani. Nakosea mabano, narudia.

Nyamizi amesimama hatua tatu mbele, na shuka la wodi begani.

"He! Mama! Umefikaje huku, wewe ambaye hata meseji ulikuwa unasomewa?"

Nataka kumjibu. Mdomo haufunguki. Juu ya kichwa changu kumeandikwa kwa herufi kubwa: AMELALA.

"Usijisumbue, nimeona," anasema. Anamgeukia kifaru. "Mzee, kweli amesomea haya yote?"

"Miaka miwili. Mabano bado yanamtesa."

Nyamizi anacheka, kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa kiganja. Chini ya miguu yake kinafunguka kisanduku chenye maneno manne: PIGA, MFUKO, BADILISHA, KIMBIA. Kidole chake kinapita juu ya PIGA na kutulia hapo. Nategesha shavu kwa moyo wangu wote. Ni haki yake.

Anachagua MFUKO. Anatoa kitana.

"Kichwa gani hiki sasa?" anasema, akikaa nyuma yangu. "Tangu niondoke hujasuka? Haya, tulia. Nina zamu moja, nitakusuka mstari mmoja. Twende kilioni, maana ndiyo ya haraka."

Huo ni msuko wa mistari michache minene, tunaosukana wanawake tunapoitwa msibani ghafla. Siku ya msiba wake sikuketi nisukwe. Sasa anaanzia juu ya sikio la kushoto, anavuta kwa nguvu kama alivyokuwa akivuta siku zote, na mimi ambaye siku zote nilikuwa nikimgombeza namwomba Mungu avute zaidi. Pumzi yake inanigusa shingoni. Anafika kisogoni.

"Uzi wa kufungia ncha sina," anasema. "Haya mama, zamu yako."

Juu yangu maandishi yanabadilika: AMEAMKA.

Nafumbua mdomo.

Nimejikuta kitandani mdomo wazi, dirisha limeshakuwa jeupe, na majirani wanafagia. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Nimelisema, kwa sauti, likaenda mpaka kwenye cherehani na kuishia hapo.

Ninaishi peke yangu. Tangu msiba sijamruhusu mtu aguse nywele zangu. Lakini ngozi ya kichwa ilikuwa inauma, nikapeleka mkono, na upo: mstari mmoja mnene, uliokazwa, kutoka juu ya sikio la kushoto mpaka kisogoni. Ncha yake haikufungwa. Nimeishika kwa vidole viwili isifumuke, na haya yote nimeyaandika kwa mkono mmoja.