Makofi Mawili ya Ubavuni

Ulipita pale. Usiseme hukupita. Kila asubuhi ulipita mbele ya kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, ukaona moshi wa kijivu umelalia mabati ya watu, ukapandisha kioo cha gari. Au kama huna gari, ukajiziba pua kwa leso na kuongeza mwendo. Uliwaona wanaume wakitoka zamu mikono inatetemeka, ukasema walevi hao. Kiwanda kilipofungwa ukashukuru kwamba hewa imekuwa safi, wala hukuuliza waliomeza ile chafu wamekwenda wapi. Basi kaa hapa usikie habari za kompyuta moja iliyogoma kuwaka. Safari hii usigeuze shingo.

Ililetwa Jumatano asubuhi juu ya mkokoteni, imefungwa kwenye shuka la hospitali. Fundi alikuwa bado anafagia. Kibanda chake kilibanwa katikati ya mchonga funguo na mshona mabegi, na ndani mlikuwa na meza moja, taa moja, na rafu zilizosheheni feni zisizozunguka na waya zilizoshikana kama nywele za mtu aliyeamka vibaya. Kazi hii hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufungua, kuharibu, na kufungua tena.

Mwenye mzigo alikuwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, muuguzi mstaafu wa zahanati ya kiwanda kile kile.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kiti baadaye. Mtibu huyu kwanza."

"Ameanza kuumwa lini?"

"Jana. Nimebonyeza, kakoroma, skrini giza tupu. Nikampiga makofi yake mawili ya ubavuni, kama ulivyonifundisha. Wapi! Nikamwongeza mawili mengine. Mwisho nimempiga mpaka kiganja kinawaka moto, yeye kimya."

Fundi alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Aliikumbuka siku ile. Alikuwa na miaka kumi na tisa, kichwa kimejaa maneno ya kitabu kimoja cha zamani alichokiokota, na shangazi alimwita zahanati kwa sababu mashine imegoma. Akaigusa hapa na pale, hakuelewa kitu, kwa hasira akaizaba ubavuni. Ikawaka. Foleni nzima ya wagonjwa ikaangua kicheko. Mmoja wao, waliyemwita Mpiga Mluzi, akasema, "Hapa hata mashine haifanyi kazi mpaka ipigwe. Imeshakuwa mwenzetu!" Na fundi mwenyewe, kwa kuvimba kichwa, akamwambia shangazi: ikigoma tena, makofi mawili, upande wa kushoto. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi muuguzi alivaa koti, akafungua dirisha, akaipiga kompyuta makofi mawili, kisha akamwita mgonjwa wa kwanza. Miaka kumi na moja.

"Ijumaa tume inayochunguza kile kiwanda inakaa," shangazi alisema, sasa ameketi. "Wanataka maandishi ya wakati ule ule. Kampuni imepeleka madaftari ya zahanati, na unajua madaftari yanasema nini."

"Malaria."

"Malaria, malaria, malaria, mwanzo mpaka mwisho. Meneja alikuwa anasimama mgongoni kwangu naandika. Mtu damu yake imejaa sumu ya risasi, ile madini ya betri, mimi naandika malaria. Akishatoka, nafungua kompyuta naandika kweli. Kila mtu na faili lake: jina, tarehe aliyoanza, tanuru alilosimamia, kipimo cha damu. Watu mia moja sitini na watatu. Walipofunga, meneja akaniambia, chukua na hilo takataka lako uende nalo. Hakujua ananipa nini."

"Na baba?"

"Wa themanini na nane."

Fundi alichukua bisibisi. Baba yake alikufa hawezi kushika kijiko, na barua ya kampuni ilisema alikuwa na homa za kawaida.

Akaanza kazi. Akapima umeme wa ukutani kwa mita: upo. Akabadilisha waya, hakuna tofauti. Akafungua ubavu wa mashine, vumbi la kijivu likamwagika mezani, naye akajizuia kulivuta, maana alilijua vumbi lile. Akabonyeza swichi. Feni ikazunguka, kisha mashine ikatoa milio mitatu mirefu, skrini ikabaki giza.

"Inalia nini?" shangazi aliuliza.

"Inasema kadi yake ya kumbukumbu haikukaa sawasawa. Imelegea kwenye tundu lake."

Akaichomoa. Ilikuwa kipande chembamba, urefu wa kidole, meno yake ya shaba yamefifia. Akayasugua kwa raba ya mtoto wa shule, akayapuliza, akairudisha na kuisukuma mpaka ikalia *tak*. Kazi ya dakika tano. Akabonyeza tena, na safari hii skrini ikaangaza.

"Ewe Mola!" Shangazi alisimama. "Kumbe raba tu!"

Fundi aliinamia mashine. Kadi ilikuwa imelegea tangu siku ile ya kwanza. Kofi lilikuwa linairudisha mahali pake kwa muda, basi. Raba moja ingemaliza maneno miaka ile yote. Na kando ya kadi ile, upande huo huo wa kushoto, palikuwa na diski yenye mafaili, ambayo ndani yake kuna sindano inayoelea juu ya sahani inayozunguka, na haipendi hata kuguswa.

Skrini ikaandika mstari mmoja: diski haionekani. Kisha wote wawili wakaisikia. *Kwa. Kwa. Kwa.* Kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Shangazi." Alishika tama, akaiachia. "Ni mimi niliyeiua. Kila kofi lilikuwa linaikwaruza diski. Sikujua. Nilikufundisha ujinga wangu ukaufuata."

Shangazi akamgeukia. "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Meneja alikuwa na hamsini na mbili, na shahada mbili ukutani. Yeye alijua alichokuwa anafanya. Mwenye makosa ya kujua hajatubu hata nusu, wewe unataka kulia mbele yangu kwa makosa ya kutojua? Pangusa uso. Bado inagonga au imenyamaza?"

"Inagonga."

"Basi haijafa."

Akaichomoa diski, akaiunganisha na mashine yake mwenyewe, akaiwekea feni ndogo ipoe. Mara ya kwanza haikuonekana. Mara ya pili, haikuonekana. Mara ya saba kugonga kukakatika, na kwenye skrini ikajitokeza orodha ya mafaili, yamepangwa kwa namba, moja mpaka mia moja sitini na tatu. Shangazi alimshika bega tu.

Akaanza kuyanakili moja baada ya jingine, kwa mkono, maana ukiyavuta yote kwa mpigo diski itazidiwa. Faili la kwanza likapita. La pili. Shangazi akawa anayataja kwa sauti yanapopita, kama anaita foleni. "Yule wa lango la pili, aliyekuwa na mapacha. Pita. Mpiga Mluzi, kipimo cha mwisho meno yalishaanza kumtoka, mluzi ukawa hautoki tena. Pita, baba. Bwana Kofia. Pita."

La ishirini lilichukua dakika nne. Diski ilianza kukohoa.

"Mwanangu," shangazi alisema polepole, "ruka. Nenda themanini na nane. Mchukue kaka yangu, halafu urudi."

Kidole cha fundi kilikuwa juu ya kitufe. Alichohitaji ni kubonyeza mara mbili tu. Alimwona baba yake amekaa kitandani, kijiko kinagongana na bakuli, anajidai anacheka. Akaondoa kidole.

"Nikiruka, kila mtu aliye nyuma ya ishirini ana mtoto kama mimi. Na baba alikuwa hapendi mtu wa kuruka foleni. Aligombana na watu kwa hilo."

"Aligombana na mimi," shangazi alisema, na machozi yakamtiririka bila sauti. "Haya. Wa ishirini na moja."

Walifika arobaini na moja. Arobaini na mbili lilianza, mstari ukajaa mpaka nusu, na ndani ya diski kukasikika mkwaruzo mrefu, kama kisu juu ya sahani ya bati. Kisha kimya. Akachomoa, akachomeka. Akasubiri ipoe, akajaribu mara kumi na mbili. Shangazi alikunja lile shuka la hospitali mara nne, akalilaza juu ya diski, akaliacha pale.

"Mia moja ishirini na wawili," shangazi alisema. "Nimewaua mara ya pili."

"Shangazi, ulikuwa unampa mgonjwa kitu chochote mkononi? Cheti, risiti?"

Akanyanyua uso. "Kikaratasi cha njano. Kila aliyetolewa damu nilimpa chake, kipimo na tarehe kwa mkono wangu, na muhuri. Meneja aliviacha kwa kuwa aliamini hakuna anayeweza kuzisoma zile tarakimu."

"Cha baba?"

"Vyake baba yako alikuwa anawashia jiko."

Wakatazamana, na katikati ya kilio kile wakacheka, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Basi yeye hatakuwamo kwenye ushahidi. Fundi aliyachapa mafaili arobaini na moja, akatia bisibisi mfukoni kwa mazoea, akafunga kibanda mchana kweupe. Mpaka sasa wanazunguka, yeye na shangazi yake, mlango kwa mlango, wakiulizia vikaratasi. Ijumaa ni keshokutwa.

Na wewe? Nyumbani kwenu alikuwapo mtu wa kiwanda kile. Baba mdogo, babu, mpangaji wa chumba cha uani aliyekohoa mpaka akahama. Aliacha koti, kopo la vifungo, kitabu kikuukuu chenye alama katikati. Weka chini unachosoma. Inuka. Fungua kopo hilo, kung'uta kitabu, pekua mfuko wa ndani wa koti. Ni karatasi ya njano, ndogo kama kiganja, ina muhuri wa buluu. Ukiipata usiikunje wala usiisugue. Ipeleke leo, wakati mlango wa tume ungali wazi.