Chewa na Mfuko wa Bluu Mkiani

Mchana ule kwenye nyumba ya wazee walipewa viazi na samaki wa kusaga kwenye mchuzi mweupe, na pembeni ya sahani ya Borghild hakukuwa na kijiko cha mafuta. Binti yake Gunnvor, ambaye huja na feri kila Jumamosi, aliliona hilo hata kabla hajavua koti. Akaenda jikoni.

"Kjartan, mbona mama hajapewa mafuta ya samaki?"

"Mwezi wake bado, dada."

"Bado vipi? Jua lenyewe limeshatuaga hadi Januari."

Pale Skarvholmen, kaskazini mwa Norwe, hata mtoto anajua kwamba mafuta ya ini la chewa hunywewa kwenye miezi ambayo majina yake ya Kinorwe yana herufi r, kuanzia september hadi april. Ila meneja mpya wa nyumba ya wazee, Randi, alikuwa amefuta miezi kwenye ratiba akaweka namba za wiki. Kjartan mpishi akaonyesha ukutani: wiki ya 47.

"Nionyeshe hiyo r iko wapi, nimimine sasa hivi."

"Unanitania?"

"Ningekuwa na utani ningepika hapa?"

Gunnvor akapanda kwa meneja. Baridi iliyopita nimonia ilimlaza mama yake nusura aende, na damu ilipopimwa vitamini D ilikuwa chini kabisa. Daktari alisema haileti miujiza, ila ikipungua mwilini kifua hukosa mlinzi, na kijiko kidogo kila siku ni bora kuliko chupa nzima kwa mpigo.

"Mafuta ni chakula," Randi akasema. "Ongea na jikoni."

"Jikoni hawaioni r."

"Basi ukitaka yawe dawa, daktari aandike."

"Daktari anasema ni chakula."

"Si unaona? Wote tunakubaliana."

Chupa aliyoileta Gunnvor mwenyewe ikafungiwa kabatini, kwa usalama.

Jumatatu akaja chewa wa kwanza. Alipanda kutoka gatini akitembea kwa mkia, akagonga, akaingia chumbani kwa Borghild, akamkamulia kijiko kimoja kutoka ubavuni, akaondoka. Kesho yake akaja mwingine. Nesi Torunn alilalamikia sakafu. Mgeni anayetoka kwenye theluji huvaa mifuko ya plastiki ya bluu juu ya viatu. Chewa hana viatu, lakini hiyo si sababu, kwa hiyo alivalishwa mmoja mkiani. Mifuko yenyewe huja miwili miwili, na Torunn akabaki na rundo la mifuko isiyo na mwenzake. Hilo ndilo lililomkera.

"Wana adabu kuliko watu wa ofisi," Borghild alimwambia binti yake. "Jana nikamwomba mmoja anipe na cha kesho kabisa. Akanitolea macho hivi, akaenda zake."

Kikohozi kilipungua. Wazee wengine wakasogeza viti vyao vya magurudumu mlangoni, na chewa wakaongezeka, mmoja kwa kila kifua.

Meneja alipendezwa. Akawaingiza chewa kwenye ratiba, na mafuta akayafuta kabisa kwenye mahitaji ya jikoni, maana kazi hiyo sasa ilikuwa na wenyewe.

Februari chewa hawakutokea. Ni msimu wao wa kutaga mayai, kila mtu wa pwani ile anajua. Borghild akaanza kukohoa katikati ya wiki, na Jumamosi Gunnvor alimkuta ameketi wima kitandani, midomo imepauka, anavuta pumzi kama mtu anayebishana nayo.

Akapanda tena kwa Randi. "Mafuta."

"Hilo ni la chewa. Wasiliana nao moja kwa moja."

"Wako baharini wanataga, Randi. Mama yangu hapumui vizuri."

"Basi ni likizo ya uzazi, na hapa tunaiheshimu sana. Siwezi kumpa mtu mwingine kazi yao."

Gunnvor akashuka. Jikoni, Kjartan alikuwa amesimama mbele ya wiki ya 8, ameinamisha kichwa, anaikagua kwa pembeni. Mlangoni, Torunn alikuwa amepanga ile mifuko ya bluu, mmoja mmoja, tayari kwa watakaporudi. Juu yake lilikuwa kabati lenye chupa, na kufuli lake. Kikohozi kikasikika kutoka chumbani, kikasikika tena, na Torunn akaenda kufunga mlango ili kisisumbue wengine.